Maana ya Tarakimu Zilizoandikwa Juu ya Deki na Santuri Zake

Nanganga ni njia panda. Hapo barabara itokayo pwani kuelekea Masasi huachana na ile iendayo Ruangwa na Nachingwea. Kwa watu wa sehemu za namna hiyo, santuri ya dijitali ilikuwa kwa miaka mingi njia rahisi ya kupata muziki, filamu na hata masomo, na bado ziko nyumba na shule zenye deki. Juu ya jalada la santuri na sanduku la deki huandikwa tarakimu nyingi: kilohezi 44.1, biti 16, MPEG-2, 1080p, au "filamu 12 kwa moja". Mnunuzi huelekea kuamini kwamba tarakimu kubwa ndiyo ubora mkubwa. Hesabu kidogo ya darasani yatosha kuonyesha kwamba sivyo.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Katika santuri za gramafoni, wimbi la mtetemo huo lilichongwa kwenye mfereji, na sindano ikalifuata. Santuri ya dijitali haichongi wimbi, bali huandika vipimo vyake. Kimo cha wimbi hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani sifuri na moja kumi na sita, ambazo zaweza kutaja vimo 65,536 mbalimbali. Idadi hiyo ya 44,100 haikuokotwa ovyo. Wimbi laweza kurudishwa kama lilivyokuwa iwapo litapimwa zaidi ya mara mbili katika kila mtetemo wake, na sikio la kijana halisikii mitetemo inayozidi takriban 20,000 kwa sekunde. (Sikio la mwalimu wake huishia chini ya hapo.) Kampuni za Philips na Sony, zilizotoa CD mwaka 1982, zilivuka mpaka huo kidogo tu.

Zidisha 44,100 kwa 16, kisha kwa 2, maana kuna sauti ya kushoto na ya kulia: jawabu ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Wimbo wa MP3 mara nyingi hutumia biti 128,000 tu, yaani kama sehemu moja ya kumi na moja. Zilizobaki zimetupwa. Hutupwa hasa zile sauti ndogo ambazo sikio lisingezitambua kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Ni ujanja mzuri, lakini kilichotupwa hakirudi, hata wimbo huo ukinakiliwa tena katika CD ya kawaida.

Kwa upande wa picha, hali ni kali zaidi. Picha moja ya DVD inayotumia mtindo wa PAL ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Kama rangi ya kila nukta ingeandikwa kwa baiti 3, na picha 25 zikapita kila sekunde, zingehitajika baiti 31,104,000 kwa sekunde. DVD ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7. Ingejaa kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi! Ndiyo sababu filamu haiwezi kuingia bila kubanwa, na MPEG-2 ni jina la kanuni za kubana. Kwa jumla, kanuni hizo huhifadhi picha moja nzima, kisha katika zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika. Mtu akisimama mbele ya ukuta, ukuta hauna haja ya kuandikwa tena na tena.

Sasa na ipimwe santuri ya "filamu 12 kwa moja". Filamu ya saa mbili ikiwa peke yake katika DVD hupata biti zipatazo milioni 5 kwa sekunde. Filamu 12 za dakika 90 ni sekunde 64,800. Zikigawiwa nafasi ileile, kila sekunde hupata biti 580,000 hivi, picha na sauti pamoja. VCD ya mwaka 1993, ambayo picha yake ina nukta 352 kwa 288 tu, iliipa picha peke yake biti 1,150,000. Basi mnunuzi aonaye viboksi vikirukaruka usoni mwa mwigizaji asiilaumu luninga yake. Wala maandishi ya 1080p kwenye deki ya DVD hayatamsaidia: deki hiyo hukisia nukta za kujaza nafasi iliyo kati ya nukta zilizopo, na haiongezi lolote ambalo halikurekodiwa.

Tarakimu moja haihusu ubora kabisa, nayo ni ile ya eneo. Tanzania imo katika eneo la 5, lakini Oman imo katika eneo la 2. Hivyo DVD halisi iliyotumwa na ndugu aliyeko Maskati yaweza kukataliwa na deki nzima kabisa.

Limebaki suala la vumbi. Leza husoma vishimo vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Katika CD mstari huo una urefu wa zaidi ya kilomita 5. Vipimo havikuandikwa kwa kufuatana. Ni kama mtu mwenye barua kadhaa anayezikata maneno na kuyagawa katika magari mengi: gari moja likipotea, kila barua hukosa neno moja tu, na msomaji hulijua kwa kuangalia yaliyosalia. CD hubeba pia biti za ziada za kusahihishia, hata pengo la milimita 2 hivi katika mstari hujazwa lisisikike. Mkwaruzo unaokatiza mstari huharibu kipande kifupi tu. Unaoufuata mstari huharibu kirefu, na masahihisho hushindwa. Kwa hiyo santuri hupanguswa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha kama sahani.