Wali wa watu 6, wageni 60: hesabu ya jikoni ambayo haifai kukosea

Mwaka jana tulikuwa kwenye matanga ya jamaa, hapa hapa Kasongo. Mama aliyeshika sufuria anajua kupika, hakuna wa kumfundisha. Nyumbani kwake anapima vikombe 3 vya mchele na vikombe 6 vya maji, watu 6 wanashiba. Siku ile watu wakaanza kuongezeka. Akasema: «Tuongeze vikombe 3 vya mchele, na vikombe 3 vya maji.» Wali ukatoka mbichi, punje zinagonga meno. Wageni walikula kwa heshima tu.

Kosa lilikuwa wapi? Mchele ulikuwa 3, ukakuwa 6: umezidishwa mara 2. Maji yalikuwa 6, yakakuwa 9: hayakufika mara 2. Yalitakiwa kuwa 12. Mama aliongeza sawasawa, lakini hakuzidisha sawasawa. Hapo ndipo wengi wetu tunaangukia, hata sisi tuliomaliza sekondari.

Mchele si kitu kigeni kwetu. Ulishika mizizi Kasongo wakati wa Tippu Tip na wafanyabiashara waliotoka pwani, karne ya 19, na mpaka leo ndio unalisha nyumba nyingi za Maniema. Kanuni yake ni hii: kila kikombe 1 cha mchele kinaomba vikombe 2 vya maji. Upike kidogo, upike mingi, ile 1 kwa 2 haibadiliki.

Sasa wageni wakibadilika, tunafanya nini? Gawanya watu wanaokuja kwa watu wa kipimo chako. Jibu utakalopata, zidisha nalo kila kitu. Tuchukue kipimo cha watu 6: mchele vikombe 3, maji vikombe 6, mafuta vijiko 2 vya supu, chumvi kijiko 1 cha chai.

- Watu 60: 60 gawanya kwa 6 ni 10. Mchele 30, maji 60, mafuta 20, chumvi 10.
- Watu 45: ni 7 na nusu. Mchele 22 na nusu, maji 45, mafuta 15, chumvi 7 na nusu.
- Watu 4: ni theluthi mbili. Mchele 2, maji 4, mafuta kijiko 1 na theluthi, chumvi theluthi mbili za kijiko.

Lakini mpishi anabaki na macho yake. Sufuria kubwa yenye kufunikwa haipotezi mvuke kwa kiasi kile kile cha vile vidogo kumi. Kwa watu 60, weka kwanza vikombe 50 vya maji, 10 viweke kando, uongeze ukiona vinahitajika. Chumvi pia, anza na pungufu kisha onja. Na saa ya moto haizidishwi mara 10!

Wali mbichi unaleta aibu, basi. Kuna kipimo kingine ambacho kosa lake linagusa uhai: maji ya chumvi na sukari kwa mutoto anayehara. Kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kijiko kipanguswe juu, kisijae mlima. Hapa sukari ni mara 12 ya chumvi.

Ukiwa na chupa ya nusu lita, vyote vinagawanywa kwa 2: sukari 3, chumvi robo ya kijiko. Chupa ya lita 1 na nusu: sukari 9, chumvi robo tatu. Mama akipunguza maji na kuacha chumvi ile ile, chumvi imekuwa mara 2, na inaweza kumuumiza mutoto. Sukari ikizidi, kuhara kunaongezeka.

Ni vile vile kwa kipaketi cha SRO cha lita 1: kinaingia chote katika lita 1, si katika chupa ya nusu lita. Usikigawe pia kwa macho, kwa sababu unga wake haukuchanganyika sawa kila upande. Robo ya kijiko ni ngumu kupima, kwa hiyo njia rahisi ni kutengeneza lita nzima, umimine kidogo kidogo kwenye kikombe safi. Kinachobaki baada ya saa 24, mwaga, utengeneze mengine.

Na hesabu hii haichukui nafasi ya munganga. Mutoto akiwa na macho yaliyozama, akilegea, akishindwa kunywa, au akihara maji maji bila kukoma, mpeleke kituo cha afya mara moja, huku mukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.