Jimbo: neno moja, madaraka mbalimbali

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina majimbo mawili: Kilosa na Mikumi. Kila moja humchagua mbunge wake, lakini halina serikali wala katiba yake. Texas nayo huitwa jimbo, ilhali ina gavana, bunge, mahakama na katiba. Je, jina hilo moja linazifaa zote?

Wakati wa utawala wa Mwingereza, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala. Kilosa ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki. Baada ya uhuru, mikoa ilichukua nafasi ya majimbo hayo. Katika siasa za Tanzania neno likabaki hasa kwa maeneo ya uchaguzi, kama linavyotumika katika Ibara ya 75 ya Katiba ya 1977.

Nchini Kenya neno lilibeba mzigo mwingine. Katiba ya uhuru ya 1963 iliunda majimbo yenye mabaraza yake. KADU ilitetea mfumo huo kwa kuhofia kwamba makabila makubwa yangeitawala serikali kuu. KANU ilitaka serikali kuu yenye nguvu, na tangu 1964 mfumo ukavunjwa.

Hapo ndipo penye mtego kwa mfasiri. Wafederalisti wa Marekani wa 1787, miongoni mwao Alexander Hamilton, walitetea Katiba iliyoipa serikali ya shirikisho nguvu zaidi juu ya majimbo 13 ya wakati huo. Wakiitwa “watetezi wa majimbo”, msomaji wa Kenya atawaweka upande wa KADU, ilhali kwa hoja hii walielekea upande wa KANU. “Watetezi wa serikali ya shirikisho” ni tafsiri salama zaidi.

Utata huu hauishii vitabuni. CHADEMA imewahi kunadi sera ya serikali za majimbo. Mpigakura wa Mikumi akiambiwa “madaraka yaende majimboni”, anaweza kudhani mbunge wake ndiye atakayeongezewa uwezo, kumbe inazungumziwa ngazi nyingine ya serikali.

Kwa hiyo, pale maana inapoweza kupotea, neno lisiachwe peke yake. Iandikwe jimbo la uchaguzi, jimbo la shirikisho au serikali ya jimbo. Msomaji anayepima hoja ya kikatiba anastahili kujua ni madaraka gani yanayogawanywa, na nani atakayepewa.