Je, Wajua? Wasichana wa Kentucky na Ubingwa Uliochelewa Miezi Minne

Je, wajua kwamba mwaka 2021 Marekani ilipata mabingwa wawili wa voliboli ya wanawake vyuoni? Chuo Kikuu cha Kentucky kilitawazwa Aprili 24, na Wisconsin ikalibeba kombe Desemba 18. Chanzo ni korona. Fainali huchezwa Desemba, lakini ile ya msimu wa 2020 iliahirishwa hadi Aprili, na msimu uliofuata ukaanza kwa wakati wake kama kawaida. Kentucky walikaa kileleni chini ya miezi minane. Hilo halipunguzi chochote katika walichofanya, na safu hii ya leo ni yao.

Je, wajua jinsi kombe hilo lilivyokuwa gumu kutoka mikononi mwa wachache? Lilianza kushindaniwa chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1981. Kwa miaka saba ya kwanza halikutoka California na Hawaii. Texas ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulipeleka kwingine, mwaka 1988. Hadi kufikia 2019, vyuo 10 tu ndivyo vilivyokuwa vimelishika: USC, Hawaii, UCLA, Pacific, Texas, Long Beach State, Stanford, Nebraska, Penn State na Washington. Daraja la kwanza la mchezo huo lina timu zaidi ya 300. Kentucky ikawa jina la 11.

Tena ikawa timu ya kwanza kutoka SEC, ligi ya vyuo vya kusini mashariki. Ligi hiyo inavuma kwa futiboli ya Kimarekani. Katika voliboli, Florida walikuwa wamefika fainali mwaka 2003 na 2017, na mara zote mbili wakarudi mikono mitupu.

Je, wajua kuwa Kentucky ni nchi ya mpira wa kikapu? Timu ya wanaume ya chuo hicho imetwaa ubingwa wa taifa mara 8. Hata ukumbi ambao mabinti hawa walikuwa wakichezea mjini Lexington, Memorial Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1950, ulikuwa nyumba ya kikapu cha wanaume hadi walipohamia Rupp Arena mwaka 1976. Kocha Craig Skinner aliajiriwa mwishoni mwa 2004, akitokea Nebraska alikokuwa msaidizi. Fanya hesabu: msimu wa ubingwa ulikuwa wa 16 wake. Mwaka 2017 timu ilifika robo fainali ya taifa kwa mara ya kwanza chini yake, ikatolewa na Nebraska. Nusu fainali ya kwanza kabisa ya chuo ndiyo hii ya 2021, na hawakuishia hapo. Magazeti hupenda kuuita msimu kama huu muujiza. Mimi nasema ni malipo ya uvumilivu wa chuo kilichompa kocha mmoja muda wa kutosha.

Je, wajua ni nani aliyeibeba timu ile? Si mpiga smashi. Ni seta, Madison Lilley, aliyeingia chuoni mwaka huohuo wa 2017.

Hapa naomba msomaji tutulie kidogo, kwa sababu seta ndiye mchezaji anayeonewa kuliko wote katika masimulizi ya voliboli. Timu inaruhusiwa kugusa mpira mara tatu kabla ya kuuvusha. Mguso wa kwanza ni wa kupokea, wa tatu ni wa kupiga. Wa pili ni wake. Mpira ukipokelewa vibaya ukaruka pembeni, ni yeye anayeukimbilia na kuugeuza uwe wa kupigika. Wakati huohuo anasoma upande wa pili: nani amewahi kuruka, nani amechelewa kuziba, beki gani amesogea. Halafu anaamua mpira uende kwa nani, na uamuzi huo unachukua muda mfupi kuliko kufumba jicho. Akiuficha vizuri, mpigaji anakutana na kizuizi cha mtu mmoja badala ya wawili, na watazamaji wanamshangilia mpigaji. Kwenye fainali Lilley alitoa pasi 53 zilizozaa pointi. Makocha wa voliboli wa Marekani walimchagua mchezaji bora wa taifa msimu ule, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikawa yake pia. Mara hii, heshima ilikwenda inakostahili.

Je, wajua Wamarekani hupimaje ufanisi wa mashambulizi? Wanachukua pointi zilizopatikana kwa kupiga, wanatoa makosa, kisha wanagawanya kwa jumla ya mapigo. Timu ikipiga mara 100, ikapata pointi 45 na kukosea 15, ufanisi wake ni 0.300, nao ni ufanisi mzuri sana. Kipimo hiki humwumbua anayepiga kwa nguvu na kutupa nje. Ukitaka kuijua kazi ya seta, tazama hapo.

Je, wajua kwamba msimu ule ulikatwa vipande viwili? Vuli ya 2020 SEC walicheza wenyewe kwa wenyewe, kila timu ikikutana na mpinzani yuleyule siku mbili mfululizo ili kupunguza safari. Kentucky walishinda mechi zote 8. Wakapumzika, wakarejea mwaka 2021, na kwa msimu mzima walipoteza mechi moja tu, mbele ya Florida. Rekodi ya mwisho: ushindi 24, kipigo 1.

Mashindano ya taifa nayo yalibanwa. Badala ya timu 64 ziliitwa 48, zote zikakusanywa mji mmoja, Omaha, Nebraska. Raundi za mwanzo zilichezwa kwenye kumbi za maonyesho, viwanja vikiwa vimetandazwa kando kwa kando. Mpango wa awali ulikuwa kuzirusha raundi mbili za kwanza bila watangazaji. Makocha na wachezaji walipaza sauti hadharani, na mpango ukabadilishwa. Walifanya vyema kutonyamaza. Mechi ya taifa isiyo na mtu wa kuisimulia ni dharau kwa waliotoka jasho kuifikia.

Njia ya Kentucky ilipita kwa UNLV, Western Kentucky na Purdue, wote wakilala seti 3-0. Nusu fainali waliwafunga Washington 3-1. Fainali ilikuwa dhidi ya Texas, na seti ya kwanza ikawaponyoka, 20-25. Wakajibu 25-18, 25-23, 25-22. Mpigaji Alli Stumler peke yake alipata pointi 26 kwa kupiga.

Je, wajua libero, yule mchezaji wa ulinzi tu, anaruhusiwa kuanzisha mpira katika vyuo vya Marekani? Kwa mashabiki wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, hili ni geni, maana kwa sheria za kimataifa libero haanzishi kamwe. Kimataifa kocha ana mabadiliko 6 kwa seti. Vyuoni humo ana 15. Ndiyo maana binti mfupi mwenye mikono mizuri ya ulinzi hupata nafasi kubwa zaidi kule.

Je, wajua kwamba sheria iliyojenga haya yote haikutaja michezo popote? Inaitwa Title IX, ikatiwa saini na Rais Richard Nixon Juni 23, 1972. Inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, basi. Lakini chuo kinachogharamia michezo ya wavulana na kuwaacha wasichana kinaivunja, na kutokana na hilo yakaja makocha wa kudumu, viwanja na ufadhili wa masomo. Msimu ule timu ya voliboli ya daraja la kwanza iliruhusiwa kugharamia kikamilifu wachezaji 12. Kocha anayeweza kuwaita wasichana 12 na kuwaambia ada imelipwa anafanya kazi tofauti kabisa na anayeanza msimu kwa kuchangisha nauli.

Je, wajua wachezaji wa Kentucky waliishia wapi? Ndugu wawili wa kikosi kile, Avery na Madison Skinner, hawana undugu na kocha wao licha ya kufanana majina. Kwa kuwa korona iliwapa wanamichezo mwaka wa ziada, Avery alihamia Baylor, na mwaka 2024 alikuwa na timu ya Marekani iliyopata fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Madison alikwenda Texas, walewale aliowafunga Omaha, akashinda nao ubingwa mwaka 2022 na tena 2023.