Kompyuta Moja, Kazi za Kompyuta Nyingi: Seva Kuukuu ya Nyumbani na Ugawaji wa Mtambo

Kompyuta iliyotumika kwa miaka kumi au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa chakavu. Hata hivyo, katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini wapo watu wengi wanaoendelea kutunza nyumbani seva ndogo za zamani. Seva ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine: kuhifadhi picha na nyaraka za familia, kutunza nakala za akiba, na kuendesha programu zinazotumiwa na watu kadhaa kwa pamoja.

Kadiri kazi zinavyoongezeka, mwenye seva hukabiliwa na njia tatu. Aweza kununua kompyuta ya pili na ya tatu. Aweza kurundika programu zote juu ya mfumo mmoja wa uendeshaji, mpaka siku moja programu moja iivuruge nyingine. Au aweza kuugawa mtambo uleule mmoja katika kompyuta kadhaa, kila moja ikiwa na mfumo wake. Makala haya yanaeleza njia hiyo ya tatu, na sababu ya seva moja kuukuu kuimudu vyema huku nyingine ya umri uleule ikishindwa kabisa. Kama itakavyoonekana, jambo linalozitenganisha si umri wala kasi.

MAANA YA KOMPYUTA PEPE

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na umbo. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na njia ya mtandao, lakini vyote hivyo ni mafungu yaliyomegwa kutoka katika mtambo halisi. Mfumo wa uendeshaji uliowekwa ndani yake hufanya kazi kana kwamba mtambo mzima ni wake. Kazi ya kumega mafungu hayo na kuzuia yasiingiliane hufanywa na programu maalumu, ambayo katika makala haya itaitwa programu simamizi. Mfumo unaoendeshwa ndani ya kompyuta pepe utaitwa mgeni.

Mfano wa nyumba ya kupangisha wafaa hapa. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, naye hupanga vitu vyake apendavyo bila kumwuliza jirani. Lakini paa ni moja, bomba la maji ni moja, na mita ya umeme ni moja. Mwenye nyumba ndiye mwenye kujua nani apewe nini, na mpangaji akitaka kugusa bomba kuu hana budi kupitia kwake. Utulivu wa nyumba hiyo hutegemea jambo moja tu: kwamba hapana mpangaji awezaye kulifikia bomba kuu kwa siri.

ASILI YA JAMBO HILI

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Katika miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza chumba, na bei yake haikumudiwa ila na taasisi kubwa. Wahandisi wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, walitengeneza mfumo ulioitwa CP-40, ambao ulianza kutumika mwaka 1967. Mfumo huo uliweza kuendesha kompyuta pepe 14 kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370 kwa ajili ya wateja wake wote, na kizazi cha mfumo huo kingali kinatumika hadi leo katika kompyuta kubwa za mabenki.

Sababu ya wakati ule ni ileile ya mwenye seva kuukuu wa leo: mtambo ni mmoja, mahitaji ni mengi.

SHARTI LA POPEK NA GOLDBERG

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg, walieleza kwa lugha ya hisabati ni prosesa ya namna gani inayoweza kugawanywa kwa njia iliyo salama. Hoja yao yaweza kuelezwa kama ifuatavyo.

Prosesa hutekeleza amri. Nyingi kati ya hizo ni za kawaida, kama vile kujumlisha namba mbili. Nyingine ni amri nyeti, kwa kuwa hubadili hali ya mtambo mzima au huifichua: kwa mfano, amri inayoizuia prosesa isikatizwe na ishara za kinanda au za mtandao. Prosesa ina ngazi za madaraka, na mgeni huwekwa katika ngazi ya chini. Sharti ni kwamba kila amri nyeti inayotolewa kutoka ngazi ya chini ni lazima isimamishwe, na udhibiti ukabidhiwe kwa programu simamizi. Programu hiyo huchunguza kilichoombwa, humtimizia mgeni kwa kiasi cha fungu lake, kisha humrudisha kazini. Mgeni hajui kwamba alisimamishwa.

Amri za kawaida hazihitaji uangalizi huo, bali hutekelezwa na prosesa moja kwa moja. Kwa sababu hiyo kompyuta pepe inaweza kukaribia kasi ya mtambo wenyewe.

KASORO ILIYODUMU KWA MIAKA MINGI

Kompyuta nyingi za mezani na seva ndogo hutumia prosesa za jamii ya x86, iliyoanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1978. Kwa miaka mingi jamii hiyo haikutimiza sharti lililotajwa. Uchunguzi wa prosesa ya Pentium uliochapishwa mwaka 2000 ulibainisha amri 17 zilizokuwa nyeti lakini hazisimamishwi zitolewapo kutoka ngazi ya chini.

Mojawapo ni amri iitwayo POPF. Mfumo wa uendeshaji huweza kuitumia kuzuia ukatizaji. Ikitolewa na mgeni aliye katika ngazi ya chini, prosesa haimkatazi wala haiiarifu programu simamizi. Huliacha ombi hilo kimyakimya na kuendelea. Mgeni hubaki akiamini kwamba amezuia ukatizaji, kumbe sivyo. Ni sawa na mpangaji anayefunga koki iliyokwisha kukatika: mkono unazunguka, maji yanaendelea kutiririka, na mwenye nyumba hana habari.

Wahandisi waliikwepa kasoro hii kwa mbinu mbili. Kampuni ya VMware, ambayo bidhaa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1999, ilitumia programu iliyozisoma amri za mgeni kabla hazijatekelezwa na kuzibadili zile zenye hitilafu. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliotoa programu ya Xen mwaka 2003, waliurekebisha mfumo wa mgeni wenyewe ili uombe huduma kwa uwazi. Tiba halisi ilikuja pale prosesa zenyewe zilipobadilishwa: Intel iliuza prosesa za kwanza zenye uwezo huo mwishoni mwa mwaka 2005, na AMD ikafuata mwaka 2006. Mapema mwaka 2007 programu simamizi ya KVM iliingizwa katika kiini cha mfumo wa Linux, na tangu hapo mtu yeyote mwenye prosesa inayofaa ameweza kuigawa kompyuta yake bila kulipa chochote.

SEVA MBILI ZA UMRI MMOJA

Umuhimu wa mabadiliko hayo huonekana wazi seva mbili za zamani zinapolinganishwa. Ya kwanza ni HP ProLiant MicroServer N40L ya mwaka 2011, ambayo ilipendwa sana kwa matumizi ya nyumbani. Ina prosesa ya AMD yenye viini viwili, kila kimoja kikiwa na mwendo wa gigahezi 1.5, na nafasi za diski nne. Ya pili ni seva yoyote kati ya zile zilizoundwa kwa prosesa ya Intel Atom D525 ya mwaka 2010, yenye viini viwili pia, na mwendo wa gigahezi 1.8.

Anayetazama namba peke yake ataichagua ya pili. Lakini prosesa ya D525 ilitengenezwa bila uwezo wa kusimamisha amri nyeti za mgeni, ilhali ile ya N40L inao. Juu ya D525 mgeni hawezi kuendeshwa na KVM. Njia mojawapo inayobaki ni kuigiza kila amri kwa programu, kazi ambayo huenda polepole mara nyingi zaidi. Hivyo seva yenye mwendo mdogo ndiyo ifaayo.

Kupima uwezo huo ni rahisi. Katika mfumo wa Linux, jalada liitwalo /proc/cpuinfo huorodhesha sifa za prosesa. Neno vmx likionekana, prosesa ni ya Intel na ina uwezo huo. Neno svm lina maana hiyohiyo kwa prosesa za AMD. Yafaa pia kukagua mipangilio ya BIOS, yaani programu ya kuwashia mtambo, kwa kuwa mara nyingi uwezo huo huwa umefungwa.

Hata hivyo, mgeni hurithi prosesa kama ilivyo. Mfumo wa Red Hat Enterprise Linux toleo la 9, uliotoka mwaka 2022, hudai amri ambazo prosesa ya N40L haina. Kwa hiyo hautafanya kazi humo, hata ndani ya kompyuta pepe ya KVM. Mifumo isiyodai amri hizo, kama Debian, huendelea kufanya kazi.

KUMBUKUMBU NA DISKI

Baada ya prosesa kukubali, mpaka unaofuata ni kumbukumbu. Muda wa prosesa unaweza kugawanywa kwa zamu, kwa sababu kompyuta nyingi hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku. Kumbukumbu haigawanyiki kwa wepesi huo: mgeni aliyepewa gigabaiti 2 huelekea kuzishikilia hata anapopumzika. Kwa maelezo ya mtengenezaji, N40L hupokea gigabaiti 8 tu. Tuseme mfumo mkuu umeachiwa 2, mgeni wa kutunza majalada amepewa 2, mgeni wa majaribio 2, na mgeni mdogo wa kurasa za mtandao 1. Jumla ni 7. Imebaki moja, na nyumba imejaa.

Linux ina njia ya kupunguza adha hiyo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2009 kiini chake kinaweza kutafuta kurasa za kumbukumbu za wageni zinazofanana kabisa, kila moja ya kilobaiti 4, na kuziweka mara moja tu. Wageni watatu wenye mfumo uleule hufanana kwa mengi. Lakini utafutaji huo nao hutumia muda wa prosesa, na prosesa kuukuu haina muda mwingi wa kutoa.

Mpaka wa tatu ni diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kwa wastani husubiriwa nusu mzunguko, milisekunde 4.2. Mkono wa kusomea ukihitaji milisekunde 8 nyingine kusogea, ombi moja huchukua takriban milisekunde 12, na diski hutimiza maombi 80 hivi kwa sekunde. Wageni watatu wakiwashwa kwa pamoja, kila mmoja hupata kama 27. Ndiyo maana ni busara kuwawasha mmoja baada ya mwingine.

FAIDA NA HATARI

Faida ya kwanza ni umeme. Seva ndogo inayotumia wati 40 bila kuzimwa humaliza yuniti 350 hivi kwa mwaka. Tatu humaliza 1,051. Zikiunganishwa katika mtambo mmoja, zaidi ya nusu ya umeme huo huweza kuokolewa, ingawa mtambo wenye kazi nyingi hutumia zaidi kidogo. Faida ya pili ni uhuru wa kujaribu: mgeni akiharibika hufutwa na kuundwa upya, na majirani zake hawadhuriki.

Hatari kubwa hutokana na umoja uleule ulioleta faida. Seva tatu zikiwa mbalimbali, diski moja ikifa huua seva moja. Zikiwa ndani ya mtambo mmoja, diski hiyohiyo huweza kuondoka na zote. Programu simamizi nyingi zina uwezo wa kuhifadhi hali ya mgeni kama ilivyo kwa dakika fulani, ili aweze kurudishwa hapo akikosea. Wengi hudhani kuwa hiyo ni nakala ya akiba. Sivyo: kwa kawaida hali hiyo hukaa juu ya diski ileile, nayo hufa pamoja nayo. Nakala ya akiba ni ile iliyo juu ya chombo kingine, na inayofaa zaidi ni ile iliyowekwa mahali pengine. Kwa hiyo picha za familia au matokeo ya mitihani yanakiliwe kwanza, nakala ikaguliwe kwamba inasomeka, ndipo seva iguswe.

JARIBIO KWA DARASA

Shule yenye kompyuta ya zamani iliyoonyesha vmx au svm inaweza kulipima jambo hili. Iundwe kompyuta pepe yenye kiini kimoja na gigabaiti 1 ya kumbukumbu, ipewe kazi ya kubana jalada kubwa, na muda uandikwe. Kisha kazi ileile ifanywe na wageni wawili kwa pamoja, halafu watatu, halafu wanne, na wanafunzi wachore grafu ya muda dhidi ya idadi ya wageni.

Juu ya prosesa ya viini viwili, muda wa wageni wawili utakaribia ule wa mmoja, kwa kuwa kila mmoja ana kiini chake. Wageni watatu wakigawana viini viwili, muda utazidi kwa mara moja na nusu hivi. Wanne, mara mbili. Endapo mstari utapanda kwa ghafla kuliko hivyo, kumbukumbu au diski ndiyo iliyojaa, na wanafunzi watafute ni ipi. Grafu hiyo itawaonyesha kwamba ugawaji hauongezi nguvu ya mtambo hata kidogo, bali huitumia ile iliyokuwa imelala.