Chupa Inayosinyaa kwa Maji ya Moto

Aliyewahi kumimina chai ya moto kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa anajua kinachofuata: chupa hujikunja, hupungua kimo, haisimami tena. Wengi husema imeyeyuka. Sivyo. Plastiki ya chupa hizo, yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako, huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, na chai haifiki huko. Chupa imeanza tu kurudi kwenye umbo lake la awali.

Kiwandani huanza ikiwa kijichupa kifupi na kinene, ila shingo imekwisha kukamilika. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 100, kisha huvutwa kwa fimbo na kupulizwa kwa hewa yenye msukumo mkubwa mpaka ijae kwenye kalibu. Molekuli za plastiki ni minyororo mirefu, ambayo ikiachwa hujiviringa ovyo kama tambi kwenye sahani. Kuvutwa huinyoosha, na ubaridi wa kalibu huigandisha kabla haijajirudi. Joto likipita nyuzi 75 hivi, minyororo hulegea na kuanza kujikunja upya. Shahidi ni shingo: kwa kuwa haikuvutwa, hainywei kama ubavu unavyonywea.

Jambo hili linafaa sana kufundishia watoto. Marekani wamekuwa wakilifanyia mchezo tangu 1973 kwa karatasi za plastiki ziitwazo Shrinky Dinks: mtoto anachora, anakata, mzazi anaingiza kwenye oveni. Lakini hiyo ni polistireni, namba 6, isiyolegea mpaka ifike kama nyuzi 100. Hapa kwetu Mwanza ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sufuria ya maji haiiwezi namba 6, na nyumba nyingi hazina oveni. Namba 1 inaiweza, tena kwa usalama zaidi, kwa sababu maji hayapiti joto la kuchemka kwake. Humo majini plastiki haiwezi kuungua wala kutoa moshi. Kuishikilia juu ya jiko la mkaa ni kosa kubwa, hata kwa dakika moja.

Kata ubavu laini wa chupa, usio na mikunjo. Mtoto achore sato au sangara kwa kalamu ya wino usiofutika, akate, na atoboe tundu la uzi kabla ya moto, kwa sababu baadaye plastiki itakuwa ngumu. Apime urefu na upana kwa rula na kuandika. Mtu mzima, siyo mtoto, ndiye achovye kipande kwa koleo katika maji yanayochemka kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, akitoe kikiacha kujikunja, na akibane kati ya vibao viwili kingali na joto. Kingo kali zisuguliwe kwa msasa.

Kisha apime tena, na hapa msimharakishe. Samaki amepungua urefu na upana, lakini plastiki haikupotea, kwa hiyo lazima unene uwe umeongezeka. Kama urefu na upana vingebaki nusu, unene ungekuwa mara 4. Alinganishe pia upungufu wa upande mmoja na wa pili: mara nyingi haulingani, kwa sababu chupa haikuvutwa sawasawa pande zote. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuligundua hilo mwenyewe kwa rula ya shuleni.

Vipande vilivyobaki vikusanywe pamoja na chupa za kuuzwa kwa wanaonunua plastiki chakavu, visitupwe mtaroni, maana mitaro ya mjini huishia ziwani. Watafiti waliochunguza sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni Mwanza walithibitisha, katika utafiti uliochapishwa 2016, kuwa samaki mmoja kati ya watano wa kila aina alikuwa na plastiki tumboni.