Moto Juu ya Urani: Jinsi ya Kuipima Habari ya Kitu cha Ajabu Angani

Tarehe 29 Machi 1952, gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, lilichapisha habari iliyotoka kusini mwa Kongo ya Wabelgiji. Visahani viwili vya moto, liliandika, vilikuwa vimeonekana juu ya migodi ya urani ya wilaya ya Elisabethville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Lubumbashi. Vilipinda kwa madaha, mara vikaonekana duara kama sahani, mara kama yai, mara mstari mtupu. Kisha vilisimama tuli hewani, vikachomoka kwa mwendo wa zigizaga kuelekea kaskazini-mashariki. Waliokuwa chini walisikia mlio mkali wa kufoka na kuvuma. Yote hayo yalichukua dakika 10 hadi 12.

Habari iliendelea kusema kwamba Kamanda Pierre, wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, alivifuata kwa ndege ya kivita. Alikikaribia kimoja hadi mita 120 hivi. Akakadiria kipenyo chake kuwa mita 12 hadi 15. Sehemu ya kati ilikuwa imetulia, ukingo wa nje umegubikwa na moto na kuzunguka kwa kasi kubwa, na rangi ya chuma chake ilifanana na alumini. Baada ya dakika 15 alikata tamaa, kwa maana visahani vilitokomea kuelekea Ziwa Tanganyika kwa mwendo aliouweka kwenye kilomita 1,500 kwa saa.

Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lililokuwa likifuatilia magazeti ya dunia nzima, liliitafsiri habari hiyo na kuiweka kwenye majalada yake tarehe 16 Agosti 1952. Mwaka 1978 nyaraka za aina hiyo zilifunguliwa kwa umma, na mwaka 2016 shirika lenyewe likauchagua waraka wa Kongo kuwa miongoni mwa nyaraka chache za kuwaonyesha watu. Wapo wanaosema kwamba kwa waraka huo Marekani ilithibitisha visahani vya Katanga. Waraka hausemi hivyo. Umepigwa muhuri unaosema wazi kwamba habari iliyomo haijatathminiwa. CIA ilihifadhi tafsiri ya habari ya gazetini, basi.

Sisi wa ukanda wa shaba tuna somo letu katika jambo hili. Jiwe la kijani lililookotwa kwenye kilima cha Fungurume haliitwi mali kwa sababu ya rangi yake; linasagwa, linapelekwa maabara, linapimwa lina shaba na kobalti asilimia ngapi. Habari ya kitu cha ajabu angani nayo ipimwe vivyo hivyo, bila kumdharau aliyeileta na bila kuinunua kwa rangi.

Vipimo vitatu vya habari ya 1952

Kipimo cha kwanza ni ramani. Habari ile iliweka migodi ya urani mashariki mwa mto Luapula, unaounganisha maziwa ya Bangweulu na Mweru. Lakini Luapula ndio mpaka. Mashariki yake mwaka 1952 ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wala si Kongo. Mgodi mkuu wa urani wa Kongo ulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa mto huo. Mwandishi aliyekuwapo, au aliyeongea kwa makini na mtu aliyekuwapo, asingekosea upande wa mto wa mpaka. Kosa hili halithibitishi kwamba hakuna kilichoonekana. Linaonyesha kwamba habari ilipita mikono kadhaa kabla ya kufika Vienna.

Kipimo cha pili ni ukubwa. Jicho la binadamu halipimi mita angani. Linapima pembe tu. Kitu chenye upana wa mita 15 kilicho umbali wa mita 120 kinachukua nafasi ileile machoni kama kitu cha mita 1.5 kilicho mita 12, au cha mita 150 kilicho zaidi ya kilomita moja. Asiyejua umbali hajui ukubwa, na asiyejua hayo mawili hawezi kujua kasi. Rubani akikosea umbali mara kumi, kipenyo na kasi vyote vinakosewa mara kumi. Uzoefu wake wa kurusha ndege haumwondolei tatizo hili, kwa sababu kwenye anga tupu hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia.

Kipimo cha tatu ni sauti. Kasi ya sauti karibu na usawa wa bahari ni kama kilomita 1,225 kwa saa. Kitu kigumu cha mita 12 kikienda kilomita 1,500 kwa saa hewani husukuma mbele yake wimbi la mshindo linalofika chini kama mlipuko. Habari inataja kuvuma na kupiga mluzi, mlipuko haimo. Tena inasema Pierre aliusikia mluzi huo juu ya ngurumo za injini ya ndege yake mwenyewe. Kwa hiyo ama kasi ilikadiriwa vibaya, ama sauti iliongezwa na wasimuliaji, ama vyote viwili.

Baada ya vipimo hivyo, kinachobaki ni kidogo: huenda watu waliona mianga miwili, na huenda rubani aliruka kuitazama. Siku ya tukio haikutajwa, wala saa, wala hali ya hewa. Bila hayo hakuna awezaye kurudi kwenye jedwali la nyota na sayari akaangalia kilichokuwa angani. Tukio hili halina maelezo hadi leo kwa sababu ushahidi haukukusanywa. Hilo lisichanganywe na tukio lililochunguzwa kikamilifu likashinda kila maelezo.

Kwa nini Katanga

Miaka ile dunia ilikuwa na hofu. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vyombo tisa vikiruka karibu na mlima Rainier, Marekani, na tangu siku hiyo magazeti yakawa na visahani. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 hadi mwaka 1969; zilizobaki bila maelezo zilikuwa 701.

Katanga ilikuwa na sababu yake ya ziada: siri. Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière du Haut-Katanga, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani New York kuyaficha yasiangukie mikononi mwa Wajerumani, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka hapo. Vita vilipokwisha siri haikwisha. Wachimbaji na familia zao hawakuambiwa wanachimba nini wala madhara yake. Mahali ambapo watu wananyimwa habari ya kilicho chini ya miguu yao, ni rahisi kuamini lolote kuhusu kilicho juu ya vichwa vyao.

Roketi za kweli za Shaba

Katanga ina kisa kingine cha angani, chenye ushahidi kamili, ambacho kinasimuliwa kidogo kuliko kile cha visahani. Mwaka 1975 mhandisi Lutz Kayser alianzisha Ujerumani Magharibi kampuni iitwayo OTRAG. Serikali ya Rais Mobutu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, iliikodisha takriban kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati huo. Eneo hilo ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kituo cha kurushia kilijengwa Kapani Tonneo, kwenye uwanda wa juu unaotazama bonde la mto Luvua.

Wazo la Kayser lilikuwa geni kabisa kwa wataalamu wa roketi. Badala ya mtambo mmoja mkubwa wa gharama, alifunga pamoja mabomba membamba yanayofanana, yenye upana wa sentimita 27. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa na tindikali ya naitriki. Hakukuwa na pampu: tangi lilijazwa theluthi mbili tu, na theluthi iliyobaki ikawa hewa iliyoshindiliwa ya kusukuma mafuta. Valvu ziliendeshwa na mota ndogo za aina inayozungusha wiper za kioo cha gari. Ili roketi igeuke, injini za upande mmoja zilipunguzwa nguvu.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Ilipinda muda mfupi baada ya kuondoka, ikaanguka, na kamera zikanasa yote. Wakati huo Umoja wa Kisovieti na baadhi ya majirani wa Zaire walikuwa wakidai kwamba pale palijaribiwa makombora ya vita. Mwaka 1979 Mobutu alisimamisha kazi, na OTRAG ikahamia Libya.

Tofauti ya visa hivi viwili ni kubwa. Cha OTRAG kina tarehe, mahali, picha za filamu, michoro ya wahandisi na majina ya waliohusika. Tunaweza kusema kwa hakika kilichopaa, kilichoanguka na sababu zake. Hata uvumi wa makombora unaweza kupimwa dhidi ya michoro hiyo. Jaribio la kushangaza si lazima libaki fumbo, mradi liwe na kumbukumbu.

Kenya ina mfano bora zaidi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitalia walirusha roketi kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliondoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kupima miale ya eksirei kutoka angani. Orodha ya vyanzo 339 ilivyobaini ilichapishwa kwa kila mwanasayansi kuisoma. Kilichofanywa hadharani hakikuacha pengo la kujazwa na uvumi.

Kinachoonekana Fungurume leo

Anga la Fungurume lina shughuli nyingi. Migodi hufanya kazi usiku kucha, na mawingu yakiwa chini, taa zake huyaangaza kwa mbali. Kiangazi moto wa porini huleta moshi unaogeuza mwezi kuwa mwekundu. Droni za upimaji zina taa zinazowaka na kuzimika, na husimama hewani kisha zikageuka ghafla.

Juu zaidi kuna Zuhura, sayari ing'aayo kuliko nyota zote. Ikiwa karibu na upeo hupepesa rangi, na anayesafiri barabara ya Likasi kwenda Kolwezi huona kama inamfuata, kwa sababu iko mbali mno hata miti ikipita yenyewe haisogei. Ukikodolea macho nukta moja ya mwanga gizani, baada ya muda itaonekana kucheza. Ni jicho linalokudanganya; mwanga wenyewe haujasogea.

Tangu Mei 2019 zimeongezeka setilaiti za intaneti za Starlink. Siku chache baada ya kurushwa hupita kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, bila sauti, muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla ya mapambazuko. Kimondo hupita kwa sekunde chache. Mabaki ya roketi yanaporudi huenda polepole, yakakatika vipande, na huweza kuonekana kwa dakika nzima. Vipande vingine hufika chini: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya.

La kufanya ukiona

Kwanza, tazama saa ya simu na uandike tarehe na tarakimu zake kama zilivyo, ili asiwepo wa kubishana kama ni saa ya Kiswahili au ya Kifaransa. Andika mahali uliposimama. Andika upande: juu ya kilima gani, upande gani wa barabara, kilianzia wapi, kikaishia wapi.

Pili, pima pembe badala ya mita. Nyosha mkono: ngumi yako hufunika takriban nyuzi 10, kidole gumba kama nyuzi 2, na mwezi mpevu ni nusu ya nyuzi. Sema kitu kilikuwa ngumi ngapi juu ya upeo na kilikuwa kikubwa au kidogo kuliko mwezi. Hesabu sekunde. Ukipiga picha, acha nyumba au mti uonekane ndani yake, kwani bila hivyo ni nukta nyeupe isiyosema chochote.

Tatu, tenganisha ulichoona na ulichodhani. "Mwanga mwekundu uliosimama, kisha ukaenda kulia" ni uliloliona. "Chombo cha wageni kilichokuja kuiba madini" ni ulilodhani. Walio pamoja nawe waandike kila mmoja peke yake, kabla hamjazungumza.

Nne, kitu kikianguka, usikiguse wala kukipakia ukauze kama chuma chakavu. Matangi ya roketi huweza kubakiza mafuta yenye sumu. Waweke watoto mbali na uwaite wakuu wa mtaa na polisi.

Kampuni za migodi na serikali ya jimbo nazo zina wajibu. Zitangaze kwenye redio za mitaa droni zinaruka lini na milipuko inapigwa saa ngapi, kwa Kiswahili ambacho kila mkaazi anakielewa. Walimu wa fizikia wa Fungurume, Tenke na Kolwezi wawape wanafunzi daftari la anga, kwa sababu kipimo cha ngumi hakihitaji maabara wala pesa.

Ukweli wa tukio la 1952 umepotea, wala hakuna mtaalamu atakayeurudisha. Mwanga utakaoonekana juu ya vilima vyetu mwaka huu hauna sababu ya kupotea hivyo. Ukiuona, andika usiku uleule, kabla hujamsimulia mtu.