Mafuta ya Jikoni na Nywele za Binti

Asubuhi ya baridi huko Lupepo, Tukuyu, si ajabu kuyakuta mafuta ya nazi yameganda chupani kama samli. Hayajaharibika. Huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na baridi ya Rungwe haina haya. Yafikiche kiganjani, yatayeyuka.

Ndugu msomaji, akina mama wengi huyapaka juu ya nywele kavu za binti anayejiandaa kwenda shule, kisha hushangaa zikikatika kwenye chanuo. Mafuta hayana maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoke upesi. Basi nywele zilowe kwanza, zikaushwe kidogo kwa kitambaa, ndipo zipakwe mafuta haba, hasa nchani, zikiwa bado na unyevu.

Nazi yastahili sifa zake. Mwaka 2003 wataalamu wa India, Rele na Mohile, walionyesha kwamba mafuta yake hupunguza upotevu wa protini ya nywele; ya alizeti hayakufanya hivyo. Hata hivyo alizeti hulainisha, na haidharauliki.

Mawese ya Kyela ni mazuri mchuzini, lakini hutia madoa kwenye kola ya sare. Samli huvunda kichwani isipooshwa. Mtoto mwenye mba asipakwe mafuta kwenye ngozi ya kichwa, kwani huweza kuuzidisha. Na yale yaliyokwisha kukaangia samaki, mama, yaache huko huko jikoni.